Tenzi si kimbilio la mwimbaji aliyeishiwa

Mhariri,

Wiki tatu zilizopita safu ya burudani ya gazeti lako ilishikilia kwamba mwimbaji wa nyimbo za kidunia akianza kurekodi tenzi za kanisani, basi ama sauti yake imechoka ama soko limemkimbia, na kwamba kazi yenyewe ni nyepesi kwa sababu maneno yapo, sauti zipo, na hakuna mtunzi wa kudai chochote. Mwandishi alitoa mifano ya hapa nyumbani, ambayo sitaigusa kwa kuwa wahusika wanaweza kujitetea wenyewe, kisha kwa sentensi moja akamtia Reba McEntire, mwimbaji wa kantri wa Marekani, katika kapu hilo hilo, kwa ajili ya albamu yake ya nyimbo za injili iliyotoka Februari 2017. Nimefundisha kwaya hapa Nakuru kwa miaka thelathini na mitatu, na muziki wa kantri nimeusikiliza kwa muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo naomba nafasi nieleze jinsi sentensi ile moja ilivyomkosea mwimbaji na, kosa lililo kubwa zaidi, ilivyozikosea tenzi zenyewe.

Kwa wasomaji wasioifahamu, albamu hiyo inaitwa "Sing It Now: Songs of Faith & Hope". Ni ya sahani mbili zenye nyimbo kumi kumi. Sahani ya kwanza imebeba nyimbo za kale ambazo mtu yeyote aliyekulia kanisani, awe wa Oklahoma au wa Molo, atazitambua kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Ya pili ina nyimbo za miaka ya karibuni, nyingine zikiwa zimekwisha kuimbwa na wasanii wengine wa kantri. Miongoni mwa waliosimamia kazi studioni ni Jay DeMarcus wa kundi la kantri la Rascal Flatts. Januari 2018 albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy katika kundi la injili ya asili, na hiyo ilikuwa Grammy ya tatu ya Reba baada ya zile za 1987 na 1994. Siitaji tuzo ili nishinde mabishano, maana tuzo zimewahi kuangukia kazi mbovu nyingi tu. Naitaja kwa sababu ya tarehe. Mwanamke huyu alikuwa ameingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri tangu 2011, akiwa na vibao vilivyoshika nafasi ya kwanza zaidi ya ishirini, na sioni ni soko gani lililokuwa limemkimbia hata alifukuzie madhabahuni.

Tena hakufika madhabahuni uzeeni. Reba alizaliwa Machi 28, 1955, akakulia Chockie, kijiji cha wafuga ng'ombe kusini mashariki mwa Oklahoma, ambako baba yake, Clark McEntire, alikuwa bingwa wa mashindano ya kunasa ng'ombe kwa kamba. Familia ilikuwa ikimfuata baba kwenye mashindano kwa gari, safari ya siku nzima au zaidi, na mama, Jacqueline, ambaye yeye mwenyewe alitamani kuwa mwimbaji lakini maisha yakamweka kwenye kazi ya shule, aliwanyamazisha watoto wanne kiti cha nyuma kwa kuwagawia sauti: huyu ya juu, huyu ya kati, yule ya chini. Kuna kisa ambacho Reba amekisimulia mara nyingi. Akiwa mtoto wa miaka mitano hivi, katika ukumbi wa hoteli mjini Cheyenne, Wyoming, kaka yake Pake aliimba wimbo wa roki uliokuwa ukivuma wakati huo, wachunga ng'ombe wakamtuza. Reba naye akasimama akaimba ule wimbo wa watoto wa shule ya Jumapili unaosema kwamba Yesu anipenda, akapewa sarafu ya senti tano. Wimbo huo huo, uliotungwa na Anna Warner mwaka 1860, umo kwenye sahani ya kwanza ya albamu tunayoizungumzia. Kwa maneno mengine, malipo yake ya kwanza kabisa katika muziki yalitokana na utenzi, na wimbo wa taifa alioimba kwenye fainali za rodeo, yaani mashindano ya wachunga ng'ombe, za mwaka 1974, uliomfungulia mlango wa kurekodi, ulikuja miaka kumi na minne baadaye.

Mwandishi wako ameuchukua mgawanyo wetu wa hapa, ambapo "msanii wa injili" na "msanii wa kidunia" ni watu wawili wasiosalimiana, akaupeleka Nashville, mji ulio makao makuu ya muziki wa kantri, mahali ambapo haujawahi kusimama sawasawa. Ukumbi wa Ryman, uliokuwa nyumba ya kipindi cha redio cha Grand Ole Opry tangu 1943 hadi 1974, ulijengwa kama hema la injili na kufunguliwa mwaka 1892 na Thomas Ryman, mwenye meli za mtoni aliyeokoka kwenye mkutano wa mahubiri. Hadi leo watazamaji wake hukaa kwenye mabenchi ya kanisa, na yeyote aliyekaa kwenye benchi la aina hiyo kwa saa tatu anajua kwamba halikutengenezwa kwa ajili ya starehe. Mwaka 1927, Ralph Peer alipokwenda Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, kurekodi waimbaji wa milimani, kazi ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa biashara ya kantri, sehemu kubwa ya nyimbo alizopata zilikuwa za dini. Johnny Cash alipoanza kurekodi Memphis alitaka kuimba injili, Sam Phillips, mwenye studio, akamkatalia kwa kuwa haiuzi; alipohamia kampuni ya Columbia, mwaka 1959 akatoa albamu nzima ya tenzi, akiwa kijana wa miaka ishirini na saba ambaye hakuna mtu angeweza kusema ameishiwa. Alan Jackson alirekodi tenzi kumi na tano kama zawadi kwa mama yake, bila nia ya kuziuza, na zilipotoka mwaka 2006 ziliuzwa kuliko alivyotazamia yeyote. Huko, mwimbaji wa kantri asiyejua tenzi ni kama nahodha asiyejua upepo.

Sisi wa huku tulipaswa kulijua hili kabla ya wengi, kwa sababu kantri ilipotufikia ilifika ikiwa na tenzi ndani yake. Redio ya taifa ilipokuwa ikiitwa Sauti ya Kenya, Jumapili jioni kulikuwa na Jim Reeves, na Jim Reeves yule yule wa nyimbo za mapenzi ndiye aliyetuletea albamu ya "We Thank Thee" ya mwaka 1962. Wazee wengi wa rika langu hawakuona tatizo lolote kuhama kutoka upande mmoja wa santuri hadi mwingine. Alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Nashville Julai 31, 1964, nasi tukaendelea kumsikiliza kana kwamba yuko hai hapo Naivasha. Ndiyo maana leo Kenya ina waimbaji wake wenyewe wa kantri, kina Sir Elvis na Esther Konkara, na ndiyo maana mikutano yao hujaa watu wenye kofia pana ambao Jumapili asubuhi walikuwa kanisani.

Sasa nije kwenye tenzi zenyewe, ambazo mwandishi wako alizipitia kama mtu anayevuka barabara.

Katika sahani ya kwanza kuna nyimbo mbili ambazo, kwa jinsi ninavyozisikia, ndizo moyo wa albamu, ingawa si zilizoimbwa vizuri kuliko zote. Ya kwanza ni "Swing Low, Sweet Chariot". Inaaminika kwamba aliyeitunga ni Wallace Willis, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa wa tajiri wa Choctaw, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, katika eneo ambalo baadaye liliitwa Oklahoma, si mwendo mrefu kutoka kijiji alikokulia Reba. Mchungaji Alexander Reid, mkuu wa shule ya Spencer Academy, alimsikia Willis akiimba na mkewe Minerva, na miaka ya 1870 akawafundisha nyimbo zao vijana wa Fisk Jubilee Singers, wanafunzi wa chuo cha watu weusi cha Nashville waliokuwa wametoka mwaka 1871 kuzunguka wakiimba ili kuchangisha fedha za kukinusuru chuo chao kisifungwe. Wimbo ukatoka mdomoni mwa mtumwa wa Oklahoma, ukaingia Nashville, ukavuka bahari hadi mbele ya Malkia Victoria, na baada ya karibu karne moja na nusu ukarudi Nashville katika koo la binti wa mfuga ng'ombe wa Oklahoma. Reba ameuunganisha na wimbo mwingine wa gari la farasi la mbinguni, akauchangamsha. Mimi ningeuacha polepole, maana mzigo uliomo ndani yake haukubebwa kwa kukimbia, lakini huo ni mzozo wa mafundi na hauhusiani na kuishiwa.

Ya pili ni "I'll Fly Away". Albert E. Brumley, naye mwana wa Oklahoma, alianza kuitunga mwaka 1929 akichuma pamba katika shamba la familia yao huko Rock Island, na ilichapishwa mwaka 1932. Alichokuwa akikiimba kimoyomoyo kati ya mistari ya pamba hakikuwa utenzi. Kilikuwa wimbo wa mfungwa, kibao cha kidunia kilichokuwa kimeuzwa sana miaka michache kabla, ambamo mfungwa anatamani mbawa za malaika aruke kuta za jela. Brumley akaigeuza jela kuwa dunia hii na kuruka kukawa ni kufa kwa mwamini. Naomba mwandishi wako asome tena sentensi hiyo kwa utulivu. Moja ya nyimbo za injili zilizorekodiwa mara nyingi kuliko karibu zote huko Marekani ilizaliwa kutokana na wimbo wa kantri, kwa hiyo mwimbaji wa kantri anapoiimba anadai kilichotoka nyumbani kwao.

Kisha kuna "How Great Thou Art", ule ambao kwetu unaanza kwa kusema "Bwana Mungu, nashangaa kabisa". Jumapili moja mwaka jana mwanangu wa mwisho alikuwa ameiweka albamu hii kwenye spika ndogo sebuleni, na mama yangu, mwenye umri wa miaka themanini na saba, alikuwa jikoni akichambua maharagwe kwenye uteo. Utenzi ulipofika kiitikio chake cha kwanza, nikasikia sauti ya pili ikitokea jikoni, kwa Kiswahili, bila haraka, chini kidogo ya sauti ya Reba, pale pale inapotakiwa kukaa. Sijamsikia mama akiimba sauti ya pili tangu alipoacha kwaya. Mwisho wa kiitikio Kiingereza kina silabi nane na Kiswahili chetu kina kumi, akazibana kumi mahali pa nane kama kwaya zetu zote zinavyofanya, kwa kuigawa noti ndefu mara mbili, na zikaenea. Aliposhika mlango akaniuliza, "Nani huyo anaimba wimbo wetu kwa Kizungu?" Nikamwambia ni mama mmoja wa Marekani, wa nyimbo za ng'ombe. Akasikiliza ubeti mmoja zaidi akiwa amesimama na uteo wake, kisha akasema, "Mwambie arudie, hapo kati amevuta sana," akarudi kwenye maharagwe.

Na kweli Reba huvuta. Huo ni mtindo wake: huikunja vokali, akaipandisha na kuishusha kabla ya kuiachilia, na lafudhi ya Oklahoma haijifichi hata kidogo. Lakini wimbo wenyewe si wa Kizungu cha Marekani zaidi ya ulivyo wetu. Carl Boberg aliuandika kama shairi la Kiswidi mwaka 1885 baada ya dhoruba ya radi kupita na jua kuchomoza. Ukatafsiriwa Kijerumani, kisha Kirusi. Stuart Hine, mmishenari Mwingereza, akausikia kwa Kirusi magharibi mwa Ukraina miaka ya 1930, akautia katika Kiingereza na kuongeza beti zake, ukachapishwa mwaka 1949, na wamishenari wakausambaza hadi huku kwetu. Kwa hiyo siku ile nyumbani kwangu Mmarekani na mama mmoja wa Nakuru walikuwa wakiimba tafsiri ya tafsiri, na zote mbili zilikutana katika sauti ya pili.

Nimekidokeza hicho kisa kwa sababu kinabeba sifa ambayo waimbaji wetu wanaorekodi tenzi wangeweza kuichukua kwa Reba bila kulipa senti. Ameacha nafasi. Katika nyimbo nyingi za sahani ya kwanza unaweza kuimba pamoja naye, kwa maana sauti kuu inabaki ilipo, mapigo hayakimbii, na ala hazishindani na maneno. Utenzi ulitungwa uimbwe na watu wengi wasio waimbaji, na ukiurekodi kwa namna ambayo msikilizaji hawezi kujiunga, umerekodi kitu kingine. Rekodi nyingi za tenzi ninazosikia kwenye stesheni zetu siku hizi zinaanza na kinanda cha umeme kinachopiga mlio wa fidla bandia, ngoma ya kompyuta inaingia kabla mtu hajavuta pumzi, beti tatu zinafupishwa kuwa moja, na mwimbaji anatumia dakika mbili za mwisho kuwasalimu wafadhili na mchungaji wake. Halafu tunasema tenzi ni rahisi kurekodi. Ni rahisi kweli, kama ilivyo rahisi kuupaka rangi mti wa mwembe.

Pale ambapo Reba amealika watu, amewaalika kwa sababu inayosikika. Katika "Softly and Tenderly", utenzi wa Will Thompson wa mwaka 1880, ameimba na Trisha Yearwood na Kelly Clarkson, ambaye wakati huo alikuwa mke wa kijana aliyekuwa mtoto wa kambo wa Reba. Ni sauti tatu za wanawake wenye uwezo wa kupasua paa, na zote tatu zimejizuia, kwa kuwa maneno ya utenzi ule yanaita kwa upole. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya waimbaji watatu hodari anajua kwamba kuwafanya waimbe kwa nguvu hakuhitaji mwalimu. Katika "In the Garden" wapo The Isaacs, kundi la familia linalopiga bluegrass, tawi la kantri linalotegemea ala za nyuzi, ambao sauti zao zimelingana kwa namna inayopatikana tu kwa watu waliokula chungu kimoja tangu utoto.

Kuhusu sahani ya pili nitasema machache, kwa sababu machache ndiyo yanayostahili. Hapa nakubaliana na mwandishi wako nusu, ingawa kwa sababu tofauti na zake. Nyimbo mpya za albamu hii hazilingani. Kuna "There Is a God", ambao Lee Ann Womack aliutoa mwaka 2009, na ambao una ufundi wa kantri wa kumwonyesha msikilizaji vitu na kumwachia hitimisho. Kuna "God and My Girlfriends", kuhusu mwanamke anayeshikwa mkono na marafiki zake katika shida, ambao najua akina mama wa kwaya yangu wameupenda kuliko mimi. "Back to God", uliotungwa na Randy Houser na Dallas Davidson, ndio uliopata umaarufu zaidi, nami ndio unaonichosha mapema zaidi, kwa kuwa unahubiri tangu mstari wa kwanza na kantri haijawahi kuwa na nguvu inapohubiri. Nguvu yake iko kwenye kusimulia. Wimbo ninaourudia katika sahani hiyo si mkubwa: ni "I Got the Lord on My Side", ambao Reba ameimba na mama yake Jacqueline na ndugu zake wa kike wawili, Alice na Susie. Mama huyo alifariki Machi 2020. Sauti yake katika wimbo huo ni ya mwanamke mzee, haijapakwa mafuta ya studioni, na ukiwa unajua habari ya lile gari na watoto wa kiti cha nyuma, utasikia darasa zima likiwa limekaa tena mahali pake.

Linabaki lile dai kwamba hakuna mtunzi wa kudai chochote. Hapa mwandishi wako amepotosha wasomaji katika jambo ambalo linaweza kuwagharimu. Ni kweli kwamba "Amazing Grace" ya John Newton, yule nahodha wa meli za watumwa aliyegeuka mchungaji, iliandikwa mwaka 1772, na sauti tunayoiimba leo ikaunganishwa nayo mwaka 1835, kwa hiyo hakuna wa kumlipa. Lakini utenzi kuitwa wa kale hakuufanyi uwe wa bure. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya mtunzi katika maisha yake na miaka hamsini baada ya mwaka wa kufa kwake. Albert Brumley alifariki 1977. Hesabu inafika mwisho wa 2027. Stuart Hine alifariki 1989. Maneno yake ya Kiingereza yanalindwa hadi mwisho wa 2039. Na aliyeutafsiri wimbo kwa Kiswahili naye ni mtunzi wa maneno yale ya Kiswahili mbele ya sheria, jambo ambalo karibu sote tumelisahau, kwa kuwa vitabu vyetu vya tenzi havimtaji. Nakala yangu ya kitabu cha tenzi, ambayo jalada lake nimelishona mara mbili kwa uzi wa viatu, ina namba ya utenzi, ina jina la Kiingereza kwa herufi ndogo, na haina jina la mtu yeyote.

Nasema "sote" kwa sababu nami nimo. Mwaka 1994 kwaya yangu ilirekodi kanda yenye nyimbo kumi, sita kati yake zikiwa tenzi. Mwenye studio, ambaye sina haja ya kumtaja, aliniuliza aandike nini kwenye jalada mahali pa mtunzi, na mimi, kwa haraka na kwa fahari ya ujana, nikamwambia aandike kwamba nyimbo zote zimetungwa na kwaya. Hakuna aliyelalamika. Kanda iliuzwa kwenye harusi na mikutano ya injili kutoka Gilgil hadi Njoro, na kwa miaka mingi kulikuwa na watoto hapa Nakuru walioamini kwamba mwalimu wao wa kwaya ndiye aliyetunga utenzi wa Fanny Crosby, yule mtunzi wa tenzi wa Marekani wa zamani. Mmoja wao, sasa ni mzazi, alinipongeza kwa hilo kwenye mazishi, nami nikashindwa kumsahihisha mbele ya jeneza.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo na linawezekana. Gazeti lako linapochambua rekodi ya tenzi, iwe ya Reba McEntire au ya mwimbaji wa Kisumu, mwandishi ataje ni nani aliyetunga na, pale inapojulikana, ni nani aliyetafsiri, kama vile mnavyomtaja mwandishi wa kitabu mnapochambua kitabu. Mwandishi akilazimika kuyatafuta majina hayo, hataweza tena kuandika kwamba kazi ilikuwa nyepesi kwa kuwa haina mwenyewe.

Kwa upande wangu nimeanza na zile kanda za 1994. Zimebaki saba katika kabati la kwaya, na mwezi uliopita nilikaa nazo mezani nikaandika kwa kalamu, nyuma ya kila jalada, jina la mtunzi wa kila utenzi kati ya sita. Watafsiri wanne bado siwajui, akiwamo yule aliyetuwekea silabi kumi mahali pa nane katika "Bwana Mungu, nashangaa kabisa". Nimeacha mstari mtupu mbele ya kila mmoja wao. Msomaji yeyote mwenye jina lake, hasa wazee wa makanisa ya Dodoma, Mombasa na Maseno ambako vitabu vya zamani huenda bado vipo, namwomba aliandike katika ukurasa huu, nami nitalijaza.

Wako,
Mwalimu wa kwaya,
Nakuru